Kumbikumbi Juu ya Paneli

Paneli yangu ya sola haiko juu ya paa kama za watu wengine. Fundi aliyekuja kuipandisha alitazama mabati yangu, akatazama kitambi chake, akasema ingefaa ikae chini. Nikaiundia meza ya mbao nyuma ya nyumba, karibu na jiko la mke wangu. Na kwa kuwa huku Kakamega jua la mchana linakupiga utosini, paneli haihitaji kuinuliwa sana. Unaiinamisha kidogo tu ili maji ya mvua yateremke. Kwa mtu asiyeijua, hiyo ni meza nyeusi, safi, inayopata jua kutwa.

Paneli hulisha betri, betri hulisha redio. Sisemi redio ya taarifa ya habari. Nasema ile ya kupokea na kurusha, ya sisi wachache tuliofanya mtihani tukapewa leseni, ili tuongee bure na watu wa mbali juu ya mambo ambayo mwenye akili timamu hawezi kuyalipia. Mke wangu huuita ugonjwa. Nilihamia sola kwa sababu stima ya huku ikipotea haina haraka ya kurudi, na hata ikiwepo inanitilia mvumo masikioni kama nyuki walionaswa kwenye debe.

Kila Jumamosi saa nne asubuhi, kabla mawingu ya mvua ya alasiri hayajakusanyika, nilikuwa nikiongea na mwalimu wangu. Ndiye aliyenitoa kwenye mashamba ya miwa nikiwa kijana nisiye na mbele wala nyuma, akanifundisha umeme, kisha redio. Alipostaafu alirudi kwao Voi, nasi tukakutana hewani. Sasa alikuwa anahamia Mombasa kwa binti yake, ghorofani, kwa mwenye nyumba asiyeruhusu hata kamba ya nguo, seuze antena. Mitambo alikuwa ameiuza. Mnunuzi angekuja kuifungua Jumamosi hiyo saa tano, kwa hiyo mazungumzo yetu ya saa nne yangekuwa ya mwisho.

Simu tunazo. Lakini kwenye simu mimi naye hatujui la kusema. Tunaulizana afya, tunaulizana mvua, halafu kila mmoja anamngoja mwenzake akate. Hewani tulikuwa watu wengine. Na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia asante, asante ya kweli. Niliapa kwamba Jumamosi hiyo nitaisema, na nisipoisema hewani nilijua sitaisema kabisa.

Sasa, mama mkwe. Alikuwa amekuja mjini kutibiwa magoti. Kwa desturi zetu mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe, kwa hiyo usiku alilala kwa jirani, na mchana akashinda jikoni kwa binti yake. Hamshikani mikono, hamtazamani usoni, hamli pamoja. Mkiwa na neno, mke ndiye anayelibeba. Wangu amebeba mengi, na nina hakika mengine ameyapunguza makali njiani.

Jumamosi hiyo mke wangu alikwenda kwenye chama chao cha akiba. Betri ilikuwa hoi, maana stima ilikuwa imepotea jioni iliyotangulia na kila mwenye simu mtaani alikuja kuichaji kwangu. Nilijipa moyo kwamba jua limewaka vizuri, ingejaa. Haikujaa. Niliigonga mita kwa kidole, kama fundi wa ngazi ya juu, haikupanda. Nikafungua dirisha la nyuma.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda, amenipa mgongo, kijiti mkononi, akimfukuza kuku mmoja mwekundu. Kumbikumbi walikuwa wameruka baada ya mvua ya juzi, naye alikuwa amewaokota karai zima. Alikuwa amewaanika wote juu ya paneli yangu, ukingo hadi ukingo, bila kuacha hata upenyo wa senti.

Nilimpigia mke wangu.

"Mwambie awatoe," akasema.

"Nimwambieje? Ni mama yako."

"Basi ongea na yeye kwa redio," akasema, na wanachama wenzake wakacheka hadi nikakata simu.

Zilibaki dakika chache. Nikaangaza macho huku na huku, nikamwona kuku.

"Wewe kuku," nikasema kwa sauti ya kusikika uani, "laiti mtu angejua kwamba meza hiyo ndiyo inayolisha redio yangu."

Kijiti kilisimama. Kisha mama mkwe, bila kugeuka, akamjibu kuku yule yule.

"Kuku, ambia huyo mwenye dirisha hizi kumbikumbi ni zake. Binti yangu alisema anapendanga kukula na obusuma, hiyo ugali yetu."

Nilitamani ardhi inimeze. "Kuku, nashukuru sana. Lakini kuna mwalimu wangu ananingoja. Leo ndiyo mara ya mwisho tunaongea kwa redio."

"Ya mwisho?"

"Ya mwisho."

Aliinuka kwa shida ya yale magoti, akachukua ungo, akaanza kuwazoa. Alizoa kwa mikono miwili, upesi kuliko nilivyotarajia, huku akizungumza na kuku. "Mzee wangu akienda hospitali ile asubuhi ya mwisho, tuliongea maneno ya jembe. Jembe limevunjika mpini. Ningejua, singeongea maneno ya jembe."

Jua likaipiga paneli, mita ikainuka kidogo, na saa nne ilipofika sauti ya mwalimu ikaingia safi kutoka Voi.

"Nakupata vizuri, kijana. Hali ya hewa huko? Ova."

Kijana, na mimi nina wajukuu. Nikamjibu kuhusu hali ya hewa. Akaniuliza betri ikoje, nikamweleza betri. Akanieleza jinsi antena yake ilivyoshushwa upande mmoja na bado inavuta. Nikamsifia antena. Wingu likapita juu ya jua, mita ikaanza kuteremka. Redio hii ikisikiliza hula kidogo tu, ila ikirusha inakula kama mkata miwa, na mimi nilikuwa nikiitumia kusifia waya.

"Kuku," sauti ikaja kutoka dirishani, "hawa wanaume wanaagana ama wanauziana betri?"

Nilibonyeza kitufe.

"Mwalimu," nikasema. "Nilichonacho chote kimetoka mkononi mwako. Nyumba hii, kazi yangu, karo ya watoto wangu. Nakupenda kama baba. Asante. Ova."

Nikaachia kitufe. Taa ya redio ilikuwa imezima. Sikujua ilizima nilipoanza, au katikati, au niliposema ova. Nilikizungusha kila kitufe. Nilijua betri imekwisha na bado nikavizungusha tena, nikiitukana redio, nikiwatukana waliochaji simu, nikijitukana mwenyewe na hali yangu ya hewa. Kisha nikaacha. Machozi yalikuwa yananitoka, nami si mtu wa machozi.

Nilipoinua kichwa, mama mkwe alikuwa amesimama dirishani na ungo wake. Hakunipa mgongo. Alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, na nikaona kwamba mke wangu amechukua macho yake.

"Amesikia," akaniambia. "Hiyo mwalimu yako husikianga."

"Asante, mama," nikamwambia. Mara hii ilinitoka kwa urahisi.