Zamu ya Kulimiana

Enzi zetu pembeni ya mji wa Beni, huku Kongo, kabla kakao haijafika mpaka nyuma ya jikoni, hakuna mama aliyelima peke yake. Wamama wa avenyu yetu, mtaa mzima, walilimiana kwa zamu: leo kwa Mama Masika, kesho kwetu. Mwenye shamba kazi yake ilikuwa kupika. Sisi watoto tulipenda siku hizo karibu kama Noeli, maana sufuria la maharage lilikuwa kubwa, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilinukia mawese mpaka barabarani. Mwenye mkono mzito aliwekwa katikati ya mstari ili wenzake wa pande zote mbili wamvute.

"Weye Mama Masika, unalima ao unabembeleza udongo?" wenzake walimtania.

"Nabembeleza, juu udongo yenu iko na hasira!"

Walicheka, lakini hawakumwacha nyuma.

Kisha wanunuzi wa kakao wakaja na mizani yao. Siwalaumu. Pesa ya kuvuna kakao ya watu ilitupatia mabati, na mimi ilinisomesha mpaka nikamaliza shule ya msingi. Ila kila mkono ukapata bei. Wamama wakaenda kuvuna kakao ya wengine kwa malipo ya siku, na zamu ikafa bila mtu kuililia. Vijana wa leo ndio kabisa: ukimwomba mmoja akusaidie kidogo, anauliza bei kabla ya kuitikia salamu, jicho likiwa kwenye simu.

Msimu huu mama aliumia mguu wakati magugu yalikuwa yanaanza kufunika maharage yetu. Tukiyapoteza, tungekula nini mpaka msimu mwingine, na miche yetu ya kakao haijazaa? Nilipalilia peke yangu tangu asubuhi mpaka jioni, na shamba likabaki vilevile.

"Acha tu, mutoto wangu," mama alisema. "Ile wakati imepita."

Sikukubali. Lakini mimi si mtu wa kusema mbele ya watu. Hata kubisha hodi kunanichukua muda. Basi sikwenda kuomba. Kulipokucha nilibeba jembe, nikaingia katika mihogo ya Mama Masika, nikaanza kupalilia.

Akatoka mbio. "We mutoto, nani amekutuma? Mi sina ya kukulipa!"

"Hapana kulipa, mama. Leo ni zamu yenu. Kesho ni yetu."

Alinitazama sana. Halafu akacheka, akaita ng'ambo ya ua: "Mama Kambale! Kuya uone, zamu imefufuka!"

Kesho yake walikuja wao wawili tu, na saa sita wakaondoka kwenda kwenye kakao ya watu. Tuliokoa nusu ya maharage. Nusu nyingine magugu yameichukua, na nimeshaisamehe.

Zamani mama zetu hawakungoja kuitwa. Siku hizi lazima mmoja aanze, jasho limtoke wengine wakimwangalia. Sawa, nitaanza mimi. Jumatatu ni kwa Mama Kambale, na nitakuwa shambani kwake kabla hajawasha moto.