Folda ya Bosi

Dada wa kompyuta wa kampuni ya mbegu pale Iringa mjini huanza asubuhi kwa kupasha viganja nyuma ya seva, kama mtu anayeota moto jikoni. Tusekile, katibu muhtasi, anakaa meza ya pili na hachoki kumtazama. Majina ya wafanyakazi wote na kompyuta zao yamo kwenye skrini ya dada huyo, kila ofisi na folda yake, kila folda na masharti yake ya kipi kompyuta zilizomo ziruhusiwe kufanya na kipi zikataliwe. Mtu akihamishwa kutoka Makongolosi kwenda Ilula, dada huliburuta jina lake kwa mausi taratibu hadi folda ya huko, akinong'ona, "Pole na safari," kabla mwenyewe hajafunga hata begi.

Juzi bosi aliingia amefura. Flashi yake ya muvi ilikuwa imeshasambaza virusi ofisi nzima mara mbili, lakini kilichomuuma ni kusikia jina lake limo folda moja na madereva. "Mimi nikae na madereva?" Dada akainamisha kichwa. "Samahani, mzee. Nakutengenezea folda yako peke yako, juu kabisa." Bosi akatoka anapiga mluzi. Ndipo Tusekile akachungulia masharti ya folda ile mpya: kwenye kompyuta ya bosi flashi haifunguki, programu haiwekwi, hata picha ya skrini haibadilishwi. Akajiziba mdomo kwa kitenge.

Saa nane mchana mlango uligongwa. Alikuwa naibu wa bosi, mikono nyuma, sauti ya chini.

"Dada, na mimi nipandishe kule juu."