Nilimfungia Mume Wangu Stoo, Nikasema Yuko Mang'ola

Jina langu sitalitaja. Wa kwetu Karatu wakisoma watanijua hata hivyo, na waache wanijue. Nimekosa! Nimemkosea mtu aliyeniamini kuliko mama yake mzazi, mchana kweupe, kwa mkono wangu mwenyewe, nikiwa na akili zangu zote.

Naandika haya nikiwa naogopa. Woga ndio ulioniponza, na mpaka leo haujanitoka.

Mume wangu tumwite Paskali. Alikuwa mgambo, akaitwa kwenda vita vya Kagera, akarudi mzima. Tulimpokea kwa nyimbo. Mikono miwili, miguu miwili, macho mawili! Nilimkagua kama mtoto aliyezaliwa asubuhi ile, nikasema asante Mungu, vita vimekwisha.

Kumbe wapi!

Shamba letu liko chini ya msitu wa Ngorongoro. Mahindi yakianza kukomaa, nyani wanashuka. Na nyani hawamwogopi mwanamke, wanamjua kabisa. Unawatupia jiwe, wanakutazama tu. Kwa hiyo tunapiga madebe. Shamba moja likianza, la pili linaitikia, mpaka mteremko mzima unalia.

Siku ya kwanza madebe yalipopigwa baada ya yeye kurudi, tulikuwa tunakula makande. Paskali aliruka, akanivuta mimi na binti yetu Paulina, akatulaza sakafuni, akatufunika kwa mwili wake. Alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana. Nyani wakaondoka, madebe yakanyamaza, yeye hakuinuka.

Alipoinuka alilia. Akaniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Huko vitani aliingia kwenye nyumba moja, akasikia kishindo, akafyatua risasi. Aliyekuwa ndani alikuwa mzee, ameangusha sufuria. Hakuwa na bunduki wala fimbo.

Mnajua nilimjibu nini? Mtu amenifungulia moyo wake wote, na mimi nikamuuliza, "Umemwambia nani mwingine?"

Niwaeleze kwa nini. Sisi Wairaqw tuna desturi inayoitwa metimani. Nyumba iliyoguswa na kifo kibaya au na damu ya mtu hukaa kando kwa muda. Hamchoti maji pamoja na wenzenu, ng'ombe wenu hawachungwi na wa jirani, hampeani mikono. Nikiwa mdogo niliiona nyumba moja ikikaa hivyo, nikaiogopa mpaka nikawa nazunguka njia nyingine kwenda shule. Sasa nikajiona mimi ndiyo nyumba ile! Tena mimi ni mtu wa watu, napenda maongezi ya kisimani, na umbea pia, nisiwadanganye.

Nikamkataza asiseme kwa mtu yeyote. Naye akanisikiliza.

Madebe yaliendelea. Siku moja yalimkuta anakata majani ya ng'ombe, Paulina amesimama mbele yake. Aliinua panga. Hakufanya kitu, ila alipoliona liko juu mkononi mwake, aliliachia likaanguka, akarudi nyuma mpaka ukutani.

Akasema mwenyewe, "Mama Paulina, wakianza madebe unifungie stoo. Wakimaliza, unifungulie."

Ndivyo alivyosema. Wakimaliza, unifungulie.

Stoo yetu ya mahindi ilikuwa na komeo la chuma kwa nje. Wiki ya kwanza nilifunga na kufungua kama alivyotaka. Wiki ya pili nikaanza kuhesabu hatari zangu: anatoka amelowa jasho, macho mekundu, jirani akipita atauliza. Nikawa namwacha mpaka jioni. Halafu mpaka kesho yake. Halafu nikaacha kuhesabu. Chakula nampa, maji nampa, nafunga tena. Watu wakiuliza, nasema ameenda Mang'ola kwenye mashamba ya vitunguu. Wanaume wengi walikuwa wanaenda huko, nani angeshangaa? Hata Paulina nilimfundisha kusema hivyo. Mtoto wa miaka mitano!

"Fungua basi, wameshamaliza," alikuwa ananiambia kupitia mlangoni. Kwa upole. Hakunitukana hata mara moja.

"Bado," namjibu. "Bado kidogo."

Njia ya mwongo ni fupi. Nina jirani, Mama Yustina. Mumewe alirudi kutoka Mang'ola juu ya lori la vitunguu, akasema hajamwona Paskali huko hata kivuli. Mama Yustina akanifuata jikoni. Huyu mama ana mdomo, lakini roho yake ni nyeupe.

"Jirani, Paskali ana nini? Kama amekukimbia sema, tuje tukulimie. Kama anaumwa sema pia. Sisi si watu baki."

"Haumwi," nikamjibu. "Yuko mbali huko, karibu na ziwa. Mumeo hakufika."

Nikawa nakoroga uji ambao ulikwisha kuiva. Alikaa kidogo, akaaga. Alikuwa amekuja kunisaidia, na mimi nilishukuru alivyoondoka!

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa mchana, niko kisimani, ndoo imejaa. Nikasikia madebe, na safari hii yalikuwa ya kwetu kabisa. Nyani walikuwa wameingia shamba la nyuma ya nyumba yangu, na wanawake wamekuja kuniokolea mahindi. Wao walijua nyumba haina mtu. Wakasimama pale pale kwenye ukuta wa stoo, madebe sita au saba, wakapiga kwa nguvu zao zote. Walikuwa wananitendea wema, jamani!

Nilitupa ndoo nikakimbia. Kabla sijafika nikaisikia sauti ya Paskali. Sijawahi kusikia mtu mzima analia vile, na namwomba Mungu nisisikie tena.

Nilipofika, madebe yalikuwa yamenyamaza. Wanawake wamerudi nyuma, wameshika fimbo. Ndani kulikuwa kunachimbwa na kukwaruzwa.

"Nani yuko humo?" Mama Yustina akaniuliza.

Hapa ndipo, ndugu zangu. Hapa ndipo ningeweza kuokoka.

"Hakuna mtu," nikasema. "Ni mbuzi."

Mbuzi! Mume wangu analiita jina la Paulina mle ndani, sote tunasikia, na mimi nimeukinga mlango kwa mgongo wangu nasema ni mbuzi! Nilikuwa nawaogopa wale wanawake kuliko nilivyomwogopa Mungu.

Kisha kikaanguka kitu kizito, na ndani kukawa kimya. Kimya kile kiliniogopesha kuliko kelele zote. Mama Yustina akanisukuma pembeni, akavuta komeo mwenyewe.

Paskali alikuwa amechimba handaki. Kwa kucha, chini ya ukuta, alale humo kama walivyokuwa wakilala vitani. Ukuta wa udongo ulikuwa umemwangukia pamoja na jiwe la msingi, na mkono wake wa kulia ulikuwa chini ya jiwe. Alikuwa hai. Hakuwatazama wengine. Alinitazama mimi, akauliza, "Wameshamaliza?"

Hospitali walimkata mkono ule juu ya kiwiko. Alirudi mzima kutoka vitani, akakatikia nyumbani kwangu.

Wazee walikaa. Nikawaeleza kila kitu, hata habari ya yule mzee wa sufuria, maana Paskali aliniomba niiseme. Wakatupangia siku za kukaa kando, kama desturi ilivyo. Nilizingoja siku hizo kama mtu anayengoja kunyongwa. Lakini kila asubuhi nilikuta ndoo za maji njiani, zimejazwa, zimefunikwa kwa majani. Nilikuta unga. Nilikuta kibuyu cha maziwa. Siku ya mwisho ilipofika walikuja wote, wakatushika mikono mmoja mmoja, na Paskali akawapa wa kushoto. Kesho yake wanaume wakatuvunia mahindi yetu mpaka gunzi la mwisho.

Jioni ile Mama Yustina aliniambia maneno ambayo hayajanitoka.

"Sisi tukimweka mtu kando, tunampangia siku ya kurudi. Wewe ulimpangia lini?"

 

Siku hizi nyani wakishuka, hakuna anayegusa debe kabla mmoja hajaja mlangoni kwetu. "Paskali, nyani wameingia. Tunapiga sasa." Yeye anakaa chini, anaegemea ukuta, anajibu, "Pigeni." Bado anatetemeka, nisiwafiche. Lakini anatetemekea nje, juani, na mara nyingi mume wa Mama Yustina anakaa naye hapo, anavuta tumbaku yake. Wakinyamaza wanarudi kumwambia, "Tumemaliza." Neno dogo kama hilo! Nililikosa wapi mimi?

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii nilikuwa naijua tangu darasa la pili, niliiandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri.

Sasa lipo jambo ambalo hata Mama Yustina sijamwambia. Lile komeo la stoo nilidhani lilitupwa pamoja na kifusi, stoo ilipobomolewa. Juzi nilikuwa nafua koti la Paskali, nikaona mfuko mzito, nikaingiza mkono. Nikalitoa. Limekuwa laini kwa kushikwashikwa. Miaka yote hii anatembea nalo, na hajawahi kunitamkia neno!

Sikuthubutu kumuuliza. Nilianika koti, likakauka, nikalirudisha komeo mfukoni nilikolitoa. Jioni alilivaa, akapapasa mfuko, akanitazama. Nikainama kuchochea moto.

Wewe unayesoma hapa, kama mtu wako amerudi na vita ndani yake, waite majirani uwaambie. Watasema, waache waseme, midomo yao haitamkata mkono. Na kama ulikwisha kumfungia, usingoje mpaka umalize kusoma. Nenda ukafungue.