Mama Bila Hodi na Ngazi za Ghorofa ya Tatu

Saa kumi na mbili asubuhi, ghorofa ya tatu. Mama Bila Hodi anatua mfuko wa unga, sukari na mafuta mbele ya mlango wa kijani. Anabisha mara mbili, anageuka ashuke upesi kabla hajaonekana. Goti linagoma.

Miaka thelathini na moja anabisha na kutoweka bila kuita hodi, hajawahi kunaswa, ndiyo maana wenzake wa kikundi cha sadaka msikitini wakampa jina hilo. Kila Ijumaa hupeleka mifuko kumi na minne, na anayepokea hamjui aliyeleta. Sasa ana miaka sitini na minane, na daktari amemwambia aachane na ngazi.

Kazi hii aliianza na marehemu mume wake, fundi saa. Mume alibeba, yeye alibisha, kisha wakatimua mbio wameshikana mikono.

"Siku moja tulimwachia tajiri, mlango tumekosea," anasimulia, akicheka mpaka machozi. "Baba watoto akasema, 'Kurudi kuuchukua ni aibu. Tumwombee tu ashibe!'"

Yeye mwenyewe hana kitu. Anashona vifungo na kupunguza suruali za watu, siku nyingine hapati hata wa kupima kiuno. Ukimuuliza kama ameridhika na maisha, analishangaa swali.

"Mume wangu alisema ukingoja asante, hiyo ni biashara, si sadaka. Tulikuwa tukishuka zile ngazi moyo mweupe kabisa. Alhamdulillahi, sijaonja raha kushinda ile. Hata leo nikishuka namsikia pembeni yangu. Sasa nikiziacha ngazi, nitampata wapi?"

Mlango wa kijani unafunguka. Mama kijana, kichanga begani, anamkuta ameegemea ukuta.

"Nimekosea mlango, mwanangu," anasema, na uso wote unamsuta.

Mama kijana anautazama mfuko, kisha anamtazama yeye. "Hata mimi sijaona mtu, bibi. Nafunga. Nitahesabu mpaka mia ndipo nifungue. Shuka taratibu."

Mama Bila Hodi anajikokota hadi ghorofa ya pili, anakaa kwenye ngazi kupumua. Anatabasamu.

"Kitoto kikianza kutembea, nitamwomba mama yake tushuke wote," ananong'ona. "Huyu kazi hafundishwi."

Juu, nyuma ya mlango, hesabu inafika tisini na tisa. Goti bado halijanyooka. Nyayo za kushuka hazisikiki, na sauti inaanza upya: "Moja. Mbili. Tatu."