Kazi ya Injinia Iliyotua Tawi Lisilo Lake

Ofisini walimwita Injinia, naye aliitikia kama aliyezaliwa na jina hilo. Wazee wa ofisi walihifadhi programu ya zahanati katika mfumo wa zamani, vijana wakaiandika katika mfumo mpya, na yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuvusha kazi kutoka mfumo mpya kwenda wa zamani. Basi alitembea kifua mbele, kama jogoo anayedhani jua huchomoza kwa amri yake.

Programu ilikuwa na shina, lililotumiwa na zahanati zote, na tawi la majaribio, la kuharibia vitu bila kumwumiza mtu. Wiki ile shina liliingiwa na kosa: wagonjwa watano walipangiwa daktari mmoja, saa ile ile, wakagombana mlangoni. Mkuu akasema, "Ijumaa saa sita liwe limekwisha. La sivyo, uvushaji nampa mwingine."

Injinia akalirekebisha kwenye tawi la majaribio, likakaa sawa, hilo hatumnyimi. Ijumaa asubuhi akaunganisha tawi na shina kwenye kompyuta yake, akanyoosha kidole avushe.

Mama Pacha wa meza ya pili akamwambia, "Mwanangu, iulize kwanza inakwenda wapi. Ni amri moja tu, haivushi kitu, inakuonyesha."

"Mama, njia ya kwangu niiulizie?"

"Mie njia naulizia kila siku, na sijakonda."

"Ndiyo maana hawajakuita Injinia."

Akabonyeza, akaenda kunywa chai.

Kumbe shina halikuwa na jipya lolote, kwa hiyo mfumo mpya haukuunganisha kitu. Ulilisogeza tu shina likakaa juu ya tawi. Na uvushaji hufuata alama ya mwisho ya mfumo wa zamani unayoikuta njiani, ile inayosema kazi ni ya shina au ya tawi. Alama ile ilikuwa ya majaribio. Kazi yote ikaenda huko, kwenye tawi la majaribio la mfumo wa zamani, si shinani.

Saa sita zahanati ikapiga simu: sasa wagonjwa saba, na kiti kimevunjika.

"Nimevusha mimi!" Injinia akafoka. "Mfumo wenu ndio mbovu!"

Mama Pacha akafungua tawi la majaribio. Kazi ilikuwa imetulia pale, kama mgeni aliyekosea nyumba na chai keshapewa.

"Si hii hapa, baba?"

Injinia akatazama dari. Mkuu akamwondolea ruhusa mbele ya watu, akampa Mama Pacha.

Siku hizi Injinia akimaliza kazi huenda mwenyewe hadi meza ya pili.

"Shikamoo, mama. Naomba univushie."

"Marahaba. Kaa hapo, nimalize langu."

Naye hukaa.