Bunduki ya Baba haina ubaya

Leo nimemwona baba yangu akiiogopa bunduki yake mwenyewe.

Msimu mzima amewakosa nguruwe pori wanaomaliza mihogo yetu huku Mwandiga. Kakaza skrubu za darubini ya kulengea, kasafisha mtutu, kabadilisha risasi. Wapi!

Asubuhi mume wa dada yangu, aliyekimbia vita Burundi, akampa Baba bunduki ile bila risasi ndani. Hakumwambia.

Baba akafyatua. Haikulia, ila Baba alishtuka hadi mtutu ukaruka, naye macho kayafumba.



"Kumbe tatizo ni mimi, nauogopa mlio," Baba akamwambia mkwewe. "Basi piga wewe, mwanangu."

"Hapana, Mzee. Mlio huo ndio nilioukimbia."

Baba akaenda kuifungia kabatini. Jioni hii wako shambani wote wawili, wanapiga madebe.

Jamani, kwenu nguruwe mnawafukuzaje?