Kambakochi wa Somoe

Sisi tuliokulia Mnyambe enzi zile za kushuka bondeni alfajiri kufuata maji tunajuana hata tukikutana uzeeni. Tunajuana kwa namna tunavyoshika kikombe: hatumwagi. Shuleni tulikwenda na jembe na kidumu, mapumziko tukacheza rede pekupeku mpaka nyayo zikawa ngumu kuliko soli. Msimu wa mabibo tulirudi nyumbani vifua vimejaa madoa yasiyoogopa sabuni yoyote. Mama alikuwa anatuambia, "Nguo ndiyo hiyo hiyo. Mkiimaliza mtavaa majani ya mkorosho." Tulicheka, ingawa tulijua hatanii.

Chakula kilikuwa ugali wa muhogo kwa kisamvu, siku nyingine kunde au mbaazi. Korosho nzuri ziliuzwa, sisi tukala zilizopasuka. Panya wa shambani tulimla tena kwa furaha, na anayenicheka hajaonja. Kitu ambacho watoto hatukugusa ni yai. Bibi, mama yake baba, alifuga kuku hodari wa kutaga, lakini sheria yake ilikuwa moja: mtoto akila yai anakuwa mwizi. Basi yai tukaliangalia kwa mbali, kama tulivyomwangalia polisi.

Sasa niwaambie habari ya mdogo wangu Somoe. Alikuwa hajatimiza miaka miwili mama alipojifungua mwingine, ikabidi aachishwe ziwa haraka, akabaki na uji wa muhogo. Baada ya miezi michache miguu ikavimba. Ukiibonyeza kwa kidole, kishimo kinabaki. Nywele zikageuka nyekundu na kunyonyoka. Zaidi ya yote, akaacha kula. Mtoto aliyekuwa akinifukuza uani sasa alikaa mkekani, hataki mtu, hata nzi akitua usoni hamfukuzi.

Kisimani wakaanza kunong'ona kwamba mama kambemenda mtoto. Mnaojua neno hilo mnajua linavyochoma: kwamba ugonjwa wa mtoto umetokana na utovu wa adabu wa wazazi wake chumbani. Mama alibeba ndoo yake akapita, nami nyuma yake, akakata uchochoroni ili asiwasikie.

Kliniki nesi alisema ni unyafuzi. "Mama Hadija, hujambemenda mtu," alimwambia, nami, huyo Hadija, nikiwa nimeshika ncha ya kanga yake. "Huyu amekosa protini. Mpe kunde, mpe karanga, mpe yai kila siku." Kunde na karanga Somoe alizitema. Yai, Bibi akakataa katakata. Mama hakuwa mtu wa kubishana na mama mkwe wake, na usiku alilala amemlaza Somoe kifuani akisikiliza kama anapumua.

Wiki hiyo hiyo akaja shangazi, dada yake baba, aliyeolewa Mikindani. Alishuka kwenye lori na kikapu kinachonuka moshi na chumvi. Ndani, juu ya majani ya mgomba, walilala kambakochi wawili, wale kamba wakubwa wa baharini, waliochemshwa na kubanikwa, wekundu, wana masharubu marefu kuliko ya mwalimu mkuu wetu. Tulikimbia. Shangazi akacheka mpaka akakaa chini, akasema, "Wifi, mpikie mgonjwa, mimi nakwenda kuwapa pole kina Mzee Bakari kwenye msiba, narudi alasiri."

Hakusema wanapikwaje. Mama akamtazama Bibi, na mimi nikamtazama Bibi, maana hapo ndipo mambo yangekwama. Bibi akawageuza wale wadudu kwa kijiti, huku na huku. Akafikiri sana. Mwisho akasema, "Hiki wazee wetu hawakukijua. Kama hawakukijua, hawakukikataza. Leteni kinu."

Sisi wa bara tulijua kaa wadogo wa mtoni tu, na kaa wa mtoni hutwangwa mzima mzima na gamba lake, halafu huchujwa. Basi kambakochi wa watu, ambaye nyama yake ya mkia ingetoka yenyewe kama ungempasua tu, akaingia kinuni na masharubu yake! Tulipokezana mchi, mama na mimi, vipande vya gamba vikiruka mpaka kwa jirani. Bibi akaongeza maji, akachuja kwa kitambaa mara tatu, akauchemsha ule mchuzi na korosho zilizopondwa, ukawa mzito na wa rangi ya machungwa. Harufu yake sijaisahau.

Mama akampakata Somoe, akachovya kidole, akampaka mdomoni. Somoe akakunja uso. Tukasubiri. Ulimi ukatoka, ukalamba, ukarudi ndani. Kisha akafungua mdomo mwenyewe. Mama akasema, "Alhamdulillahi," kwa sauti ndogo sana, akachukua kijiko.

Shangazi aliporudi na kukuta magamba yaliyosagika aliweka mikono kichwani. "Mama! Mmemtwanga?" Bibi hakumtazama. "Mtoto anakula," alijibu. "Kelele za nini?"

Wale kambakochi walikwisha kwa siku mbili. Siku ya tatu Somoe aligusa kijiko cha uji akakisukuma, akalia kwa njaa. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilia kwa nguvu kwa wiki nyingi. Bibi aliinuka, akaenda bandani, akarudi na yai mkononi. Mama akasimama. Bibi akamwambia, na maneno haya nimeyabeba maisha yangu yote, "Mpikie. Akiwa mwizi nitamchapa. Akifa nitamfanya nini?"

Kuanzia hapo lilikuwa yai kila siku, na kunde zilizopondwa, na karanga. Uvimbe ukashuka. Nesi alipomweka kwenye mzani alimpigia makofi, na mama njia nzima ya kurudi alipita katikati ya kijiji, hakupita uchochoroni kama alivyozoea. Wote wawili, mama na Bibi, wametangulia mbele ya haki. Kila nikiwaombea dua nawashukuru, mmoja kwa kuvumilia, mwingine kwa kukubali kuvunja sheria yake mwenyewe.

Siku hizi naishi Masasi na mjukuu wangu wa kiume. Hunywa unga wa protini wa kopo, kisha hujipiga picha ya mkono mbele ya kioo. Nikimwekea kunde anasema hana hamu. Juzi nilimwomba anitafutie kwenye simu faida za kambakochi aliyepikwa. Akanisomea: protini nyingi, mafuta kidogo, madini ya zinki na shaba, vitamini B12, ila wenye mzio wajihadhari, na chumvi isizidi. Nikasema, ala! Kumbe Bibi alikuwa ametwanga vyote hivyo. Watoto wa leo wanayajua majina ya kila kilichomo kwenye sahani, na sahani inapoa wakiisoma. Siwalaumu. Wamekulia kwenye bomba, nani asingependa.

Nikampigia Somoe kumpa habari hizo. Ana mgahawa wake Nanganga, mwanamke mnene wa sauti kubwa, hajaiba kitu zaidi ya kanga zangu mbili. Yeye hakumbuki chochote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Dada, hao kambakochi nilikula mimi peke yangu?"

"Peke yako."

"Nyinyi siku hiyo mlikula nini?"

Nikamwambia ukweli. Tulikula ugali wa muhogo na kisamvu kisicho na hata karanga, nyumba nzima tumezunguka sahani moja, macho yetu yote kwenye mdomo wake. Na mpaka leo, pamoja na yote niliyowahi kula, sijala chakula kitamu kama kile.